Gundi ya mkorosho, hamira na chupa ya wageni: nilivyoitwa Daktari wa Makamasi hapa Mtwara

Wakuu, salaam kutoka kusini.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, nyuzi zenu nazila kimyakimya. Leo naomba zamu yangu. Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, na ile sehemu niliyoumbuka nimeiacha humohumo, sijaipunguza.

Nianze na maneno ya watu.

Mama Asumini, jirani yetu hapa Rahaleo, muuza vitumbua: "Wenzake wakirudi kutoka Dar wanashusha makochi. Huyu kashusha begi la vichupa."

Vijana wa kijiweni: "Diploma ya maabara! Sasa hapa Mtwara utapima nini, upepo?"

Na mjomba wangu, Mjomba Chande wa Nanyamba, mwenye mikorosho mingi na mdomo mpana kuliko shamba, alisimama kwenye harusi ya binamu yangu akasema mbele ya ukoo mzima:

"Mpwa wangu kasoma mpaka kamaliza. Sasa kaja kukusanya makamasi ya mikorosho yangu. Nawaambieni, hamalizi msimu. Minada ya korosho ikifungwa, yeye yuko kwenye basi anarudi Dar."

Watu walicheka mpaka pilau likapoa.

Kwa ambao si wa huku: kwetu mjomba akisema, ukoo umesema. Kuanzia siku ile jina langu likawa Daktari wa Makamasi. Watoto wa mtaani walinisalimia hivyo, na kwa heshima kabisa: "Shikamoo, Daktari wa Makamasi."

Marahaba.

Sasa mimi ni nani? Nimezaliwa Rahaleo. Ada ya sekondari nimejilipia kwa kubangua korosho mpaka vidole vikabadilika rangi. Diploma ya sayansi ya maabara nimeipata Dar, nikisoma mchana na kulinda ghala la mtu usiku. Kati ya wanaume wote wa mtaa wetu walioanza darasa la kwanza na mimi, mwenye diploma ni mmoja. Jina lake silitaji, lakini ndiye anayeandika uzi huu.

Nilifanya kazi miaka minane kwenye maabara ya kiwanda cha juisi. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kufungua magunia ya gundi ya unga iliyotoka nje ya nchi, ile inayotiwa kwenye juisi ili iwe nzito na isijitenge. Siku moja nikaokota bonge ambalo halijasagwa vizuri. Nikalitazama kwenye mwanga. Lina rangi ya asali, linang'aa, ukililamba linanata.

Nikasema, hili si ndilo lile tunalobandua kwenye mikorosho ya mjomba na kulitupa?

Nikaanza kusoma. Nilisoma makala za wataalamu kila siku wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakibishana mpira. Nikakuta gundi ya mkorosho imeshachunguzwa nchi za watu, na kuna wanaosema inasaidia kulinda seli zisiharibiwe na oksijeni korofi.

Nikaandika barua ya kuacha kazi wiki ileile.

TUSIMAME HAPA KIDOGO, SAYANSI

Najua humu kuna madaktari na wafamasia. Mnisamehe, naeleza kwa lugha ya Rahaleo.

Ukiezeka bati hapa Mtwara, hasa ukikaa upande wa baharini, miaka michache tu limekuwa jekundu. Hiyo ni kutu. Oksijeni imelila bati. Sasa ndani ya mwili, oksijeni hiyohiyo tunayoivuta huzaa chembe korofi ambazo zina upungufu wa elektroni, na zinakula seli taratibu.

Chembe korofi ni kama mgeni kwenye shughuli aliyekosa sahani. Anamnyang'anya jirani sahani yake. Jirani aliyenyang'anywa naye hakubali, anamgeukia wa pembeni. Baada ya muda ukumbi wote ni vurugu na pilau liko chini.

Kizuia kutu cha seli ni yule mama mwenye sahani mbili. Anampa mmoja, vurugu inaishia hapo.

Na gundi ya mkorosho ni nini? Ni polisakaraidi, yaani sukari nyingi zilizoshikana kama shanga kwenye uzi mrefu wenye matawi. Mti ukijeruhiwa unajiziba nayo. Mkorosho umejitengenezea plasta yake mwenyewe, halafu sisi tunauita ugonjwa.

Swali langu lilikuwa moja tu: je, plasta ya mti inaweza kulinda seli nyingine iliyo hai?

TURUDI KWENYE MKASA

Nilikuwa na diploma, lakini diploma haichemshi maji. Nikaanza kukopa. Na wakuu, sikukopa hela. Nilikopa vitu na watu.

Gundi nilikopa kwa Mjomba Chande mwenyewe. Alinitazama nikipanda na kisu kwenye mikorosho yake, akasema, "Zibandue, lakini gome langu usiliguse. Na ukianguka, usianguke juu ya mbaazi zangu."

Sufuria, chujio na glasi sita za chai nilikopa kwa Mama Asumini. Alizihesabu mara mbili.

Hadubini nilikopa kwa Mwalimu Koku, mwalimu wa baiolojia anayekaa Likombe. Huyu mama ni wa Bukoba, amehamia huku miaka mingi. Alinisikiliza nikijieleza, diploma yangu, kiwanda changu, makala nilizosoma, mpaka chai yake ikaisha. Kisha akasema:

"Kijana, mimi ni Mhaya. Maisha yangu yote nimesikia kwamba sisi ndio tunaojisifu Tanzania hii. Leo nimepata ahueni."

Akaniombea ruhusa kwa mkuu wa shule. Hadubini ikaandikwa kwenye daftari, na tarehe ya kurudisha.

Pombe kali ya kusafishia gundi nilikopa kwa Mama Neema. Nieleze hapa, ni muhimu. Ukiyeyusha gundi kwenye maji, ukachuja magome na wadudu, bado ina uchafu mwingi. Ili uipate polisakaraidi safi unamimina pombe kali, gundi inajikunja na kuzama chini kama uji ulioganda, unaitoa na kuianika. Maabara za watu wanatumia pombe ya kununua. Nikasema, kwa nini? Nanyamba msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, watu wanakamua, wanachachusha wanapata pombe ya uraka, na wakiutonesha kwenye mtungi wanapata nipa, gongo ya huku. Ile ya kwanza kutoka ukiisogezea kiberiti inawaka.

Mama Neema ni fundi wa nipa, jirani wa mjomba. Nilimwendea nimevaa shati jeupe, nikamweleza kwamba mimi si mteja wa kawaida, mimi ni mtu wa maabara, mwenye diploma, nimetoka Dar, nahitaji nipa nzuri kuliko zote alizonazo.

"Nzuri kuliko zote?"

"Kuliko zote, mama."

"Basi nimekuelewa, baba."

Akanipa chupa tatu. Wakuu, kumbukeni hizi chupa.

Na chumba? Mikindani kuna mfanyabiashara anaitwa Mzee Karim, familia yao ya Kihindi iko pale tangu babu wa babu, duka la vitambaa. Nyuma ya duka ana chumba kikubwa, sakafu ya saruji, maji yanatoka, feni inazunguka. Binti yake yuko Dar anatengeneza losheni na sabuni, na anatafuta gundi ya asili ya kuzifanya nzito. Nikamwambia Mzee Karim nina gundi, tena si ya kufanya nzito tu, inalinda na seli.

Akacheka kwa pua.

"Mimi nauza vitambaa. Mtu akiniambia hii hariri, namwambia lete nishike. Chumba kuna bwana mwingine anakitaka cha kuwekea magunia ya korosho. Nimemzuia mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Siku hiyo uje na hizo seli zako nizione kwa macho haya. Nikiona, chumba chako. Nisipoona, nampa mwenye korosho."

Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi. Jumamosi moja, chumba kimoja. Nikikosa, sina pa kusagia, sina pa kuanikia, na mjomba atakuwa amesema kweli mbele ya ukoo.

JARIBIO LA KWANZA

Seli za binadamu sina, na hata ningekuwa nazo nisingezigusa. Lakini hamira ni seli hai. Kijiko kimoja cha hamira kina seli nyingi kuliko idadi ya watu wote wa mkoa huu. Ikiwa hai inaumua rojo la vitumbua. Ikifa, rojo linalala.

Na oksijeni korofi? Inauzwa duka la dawa. Ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi. Ukiizidisha, seli zinapata mkong'oto wa kutu kwa dakika chache.

Nikapanga glasi za Mama Asumini kwenye benchi. Ya kwanza hamira tupu. Ya pili hamira na dawa ya povu. Ya tatu hamira iliyokaa kwanza na gundi yangu, ndipo ikatiwa dawa. Povu likiisha, namwaga maji ya juu, nachanganya na rojo la Mama Asumini, naweka alama ya kalamu kwenye glasi na kusubiri.

Unga wangu wa gundi ulikuwa wa njano, rangi nzuri kabisa. Nilikuwa nawaambia watu, "Angalieni, dhahabu ya kusini."

Glasi ya kwanza ikaumuka mpaka mdomoni. Ya pili ikalala chini kama mgonjwa.

Ya tatu, yenye gundi, ikapanda! Ikapanda, ikafika karibu sawa na ya kwanza.

Mama Asumini akashika kiuno. "Ee! Makamasi yamefufua hamira!"

Jamani, nilishangilia. Nilipiga picha, nikatuma kwenye kundi la ukoo, la waliosoma nami, la kiwandani, na hata la msikiti, ambako msimamizi aliifuta. Nikatembea mpaka kijiweni taratibu, nimeshika glasi ya tatu kama kikombe cha ubingwa. Nikawaambia, "Mliniuliza nitapima nini. Pimeni hii."

Mwalimu Koku alikuja jioni akatazama. Hakushangilia. Aliuliza kitu kimoja.

"Umerudia mara ngapi?"

"Mwalimu, mara moja inatosha, umeona ilivyopanda?"

"Rudia," akasema. "Na safari hii weka glasi ya nne, gundi bila dawa. Nataka kujua kama gundi yako inalinda hamira au inailisha tu."

MAMBO YANAHARIBIKA

Unga wa njano ulikuwa umebaki kidogo kwenye kopo, na nipa imeisha. Kwenda Nanyamba ni nauli na muda, nikaamua kununua spiriti safi kwa mtu wa vifaa vya maabara. Nikatengeneza unga mpya kutoka kwenye gundi ileile, ya miti ileile.

Ukatoka mweupe. Mweupe kama unga wa muhogo.

Nikasema vizuri, umezidi kutakata.

Nikapanga glasi. Ya kwanza ikapanda. Ya pili ikalala. Ya tatu, yenye gundi nyeupe, ikajitutumua kidogo, ikakaa pale. Tofauti yake na ya pili ilikuwa nyembamba kuliko kidole.

Nikarudia. Hivyohivyo.

Nikarudia tena. Hivyohivyo.

Wakuu, zilibaki siku tisa kufika ile Jumamosi. Picha zangu ziko kwenye makundi yote. Mjomba ameshapiga simu kuuliza, "Daktari, nasikia umefufua hamira, lini unafufua mbuzi wangu?" Na mimi nimekaa kwenye benchi natazama rojo lililogoma.

Mama Asumini, Mungu amweke, alinihurumia kwa namna yake. "Mwanangu, ile ya njano si imebaki kwenye kopo? Mpelekee mzee hiyo. Nani atajua?"

Sitadanganya humu. Nililifikiria wazo hilo kuanzia adhuhuri mpaka alasiri.

Lakini mtu aliyekaa maabara miaka minane ana ugonjwa mmoja, hawezi kuvumilia asijue. Kwa nini ya njano inalinda na nyeupe inasuasua? Gundi ni ileile, maji ni yaleyale, hamira ya pakiti ileile. Kilichobadilika ni kimoja. Pombe.

Kesho yake nikapanda gari la Nanyamba asubuhi.

CHUPA YA WAGENI

Nilimkuta Mama Neema anakamua mabibo, mikono mpaka kwenye viwiko ni maji ya manjano.

"Mama, ile nipa uliyonipa, ulitia kitu?"

"Sasa nisitie kitu?" akashangaa. "Baba, ile nyeupe ya kuunguza koo nawapa hawa walevi wangu wa kila siku. Wewe ulikuja na shati jeupe, mtu wa Dar, mwenye diploma, ukataka nzuri kuliko zote. Nikakupa ya wageni."

"Ya wageni ikoje?"

"Nikishatonesha, natia na maji ya mabibo mabichi, yaliyokamuliwa sasa hivi. Inalainika, inapata rangi. Hata aliyekuja kuposa hapa kwetu nilimpa hiyo."

Nikakaa juu ya ndoo.

Wakuu, mnaojua mabibo mnajua. Maji ya mabibo yamejaa vitamini C, na ule ukakasi wake unaokausha mdomo nao ni kizuia kutu, na sukari imo. Gundi ilipojikunja kwenye nipa ilivikumbatia vyote hivyo. Sikuisuuza kwa sababu nilikuwa nabana matumizi ya nipa, nikaianika hivyohivyo. Ile dhahabu ya kusini niliyokuwa naipiga picha ilikuwa mabibo! Hamira yangu ilikuwa inalindwa na kulishwa na mtu mwingine kabisa, na sifa nampa gundi.

Ningekwenda kwa Mama Neema na kandambili na fulana iliyochanika, ningepewa nyeupe na yasingenikuta. Diploma yangu ndiyo iliyoniponza, nimekaa pale nikaona wazi.

Mama Neema akaniuliza kwa wasiwasi, "Kwani ilikuwa mbaya?"

"Hapana mama. Ilikuwa nzuri mno."

Alicheka sana nilipomweleza. Akaita na majirani, nikaeleza tena.

SIKU NANE ZILIZOBAKI

Nikampelekea Mwalimu Koku habari yote. Hakunisema. Alisema tu, "Sasa ndiyo umeanza kazi. Mwanzo ulikuwa unasherehekea."

Halafu akaniuliza hamira nailoweka kwenye gundi kwa muda gani kabla ya kuipiga dawa.

"Dakika chache."

"Na makala ulizosoma wanaloweka muda gani?"

Wanaloweka masaa. Mimi nilikuwa na haraka ya kushinda.

Tukaanza upya. Hamira inakaa na gundi nyeupe kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, ndipo inatiwa dawa ya povu. Glasi sita, kila moja na kazi yake. Tunarudia, na kila mara tunachukua tone kuweka chini ya hadubini. Kuna rangi ya bluu ya maabara ambayo seli hai inaifuta, lakini seli iliyokufa haina nguvu ya kuifuta, inabaki bluu. Kwa hiyo unahesabu walio bluu na wasio bluu.

Mwalimu akahesabu, nikahesabu. Tukabishana, tukahesabu tena.

Gundi nyeupe ilikuwa inalinda. Kidogo, lakini kila tuliporudia ilikuwa inalinda. Glasi yake ilipanda kama nusu ya safari, pale ambapo isiyo na gundi ililala. Na glasi ya gundi bila dawa haikupita ile ya hamira tupu, maana yake hailishi.

Haikuwa muujiza. Ilikuwa kitu kidogo cha kweli. Nilifurahi kuliko siku ya kwanza, na safari hii sikupiga picha.

JUMAMOSI

Mzee Karim alifunga mlango wa mbele wa duka. Amekaa kwenye kiti chake, miwani kwenye paji la uso. Pembeni kasimama yule bwana wa magunia ya korosho, kaja kungoja jibu lake. Mama Asumini alikuja na rojo, Mwalimu Koku na hadubini.

Kabla sijagusa glasi nikasema.

"Mzee, zile picha ulizoziona, za glasi iliyopanda sana, zisahau. Ile gundi ilikuwa imechanganyika na mabibo kwa kosa langu. Gundi yenyewe inalinda kwa kiasi. Leo nitakuonyesha hicho kiasi."

Bwana wa magunia akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Mzee Karim akashusha miwani. "Kwa hiyo umenifungisha duka siku ya Jumamosi kunionyesha kitu kidogo?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Lakini kwa njia yangu. Mimi mtu akisema anajua kitambaa, namfunga macho ashike." Akamgeukia Mwalimu. "Mama, wewe weka alama zako, huyu asijue glasi ipi ni ipi. Mimi nisijue. Huyu wa korosho naye asijue."

Tukatoka nje sote watatu. Nilikaa barazani kwake natazama barabara. Mwalimu akaziandika herufi chini ya glasi. Hamira niliyoiloweka asubuhi ikapata kipigo chake, povu likatoka, likaisha, rojo likamiminwa. Tukanywa chai. Mama Asumini alijaza muda wote kwa kumweleza Mzee Karim habari ya chupa ya wageni, na mzee alicheka mpaka akafuta miwani.

Muda ulipofika, akainama mwenyewe mbele ya benchi. Akaanza kuzinyooshea kidole.

"Hii imekufa. Hii nzima. Hii nayo nzima." Akasita kwenye ya nne. "Hii imepigwa, lakini haijafa."

Akatazama na kwenye hadubini, jicho moja, halafu jingine. "Bluu, bluu, nyeupe, nyeupe, bluu, nyeupe... Na hapa?" Mwalimu akabadilisha tone. "Mmh. Hapa bluu tupu."

Mwalimu akageuza glasi moja moja, akasoma herufi. Ile iliyopigwa lakini haijafa ilikuwa yenye gundi.



Mzee akampigia binti yake simu, akaweka sauti nje. Akamweleza yote, la mabibo likiwemo. Binti akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Hiyo safi ina rangi gani?"

"Nyeupe."

"Basi baba mpe chumba. Ya njano ingeharibu losheni yangu yote. Nataka nyeupe, na nataka huyohuyo anayesema kiasi ni kiasi."

Bwana wa magunia akachukua kofia yake. Alikuwa mstaarabu, alinipa mkono. Glasi ya hamira tupu Mama Asumini aliipikia vitumbua palepale kwenye jiko la Mzee Karim. Zilizotiwa dawa nilizimwaga mwenyewe, msije mkaniuliza.

SIKU YA KURUDISHA

Chumba sasa kina mwaka. Tunasaga, tunachuja, tunaanika. Sampuli nilipeleka kwenye chuo chenye vyombo vikubwa, wakanijibu kwa lugha yao kile ambacho Mzee Karim alisema kwa yake: imepigwa, lakini haijafa. Inalinda kwa kiasi.

Juzi nikaamua nirudishe kila kitu kwa kila mtu, siku moja.

Mama Asumini nilimrudishia sufuria, chujio na glasi. Akazihesabu mara mbili. Nikamwongezea sufuria jipya kubwa, akalihesabu nalo.

Mwalimu Koku hadubini yake ilisharudi kwa tarehe. Kwake nilikuwa nadaiwa kusimama mbele ya kidato cha tatu na kueleza nilivyokosea. Nilieleza. Walicheka, kisha wakauliza maswali mpaka kengele ikalia.

Mama Neema nilimpelekea chupa zake tatu, zimeoshwa. Akauliza, "Nikujazie ya wageni?" Nikamwambia, mama, mimi si mgeni tena.

Mzee Karim nilimpelekea kodi ya kwanza ya chumba, maana mwaka ule hakunidai. Akaipokea, halafu akavuta droo.

"Umesahau mmoja."

Akatoa karatasi iliyokunjwa. Imeandikwa kwa mkono, na chini kuna dole gumba. Inasema kwamba mikorosho miwili iliyo kando ya barabara, mali ya Chande wa Nanyamba, imewekwa rehani kwa Karim, kufidia chumba endapo mpwa wake ataharibu au atakimbia.

Tarehe yake ni wiki moja baada ya ile harusi.

Nilifika Nanyamba jua linakaribia kichwani. Mjomba yuko chini anaokota korosho. Nikampa karatasi. Akaitazama, akaichana vipande viwili, akaendelea kuokota.

"Mjomba, ulisema mbele ya ukoo kwamba siwezi."

"Nilisema."

"Sasa hii ni nini?"

"Karim aliniuliza kama wewe ni mwizi. Nikamwambia si mwizi, ana mdomo tu. Akasema mdomo nao ni hasara, lete dhamana." Akanyoosha mgongo. "Na huo mdomo umeurithi kwangu, sasa ningesemaje?"

Nikatoa kopo la unga mweupe kwenye begi nikampa. Alilifungua, akachovya kidole, akakilamba, akakunja uso kama mtaalamu.

"Haya makamasi ni ya mti upi?"

"Ya ile miwili ya kando ya barabara."

Akafunga kopo, akaliweka mfukoni mwa shati, akanipa tenga.

"Okota, Daktari. Msimu haujaisha."

Nikaokota.

NILICHOJIFUNZA

Jibu likikufurahisha sana mara ya kwanza, kakague chupa. Rudia. Weka glasi ya kulinganishia. Na ukiwa na diploma, nenda kwa watu na kandambili.

Tahadhari: hii ni hamira kwenye glasi. Si dawa, haitibu presha, sukari wala nguvu za kiume. Mtu akija kwangu faragha kuuliza hayo namjibu kwa picha ya kitumbua.

Wafamasia, walimu wa baiolojia na watu wa korosho mlioko humu, nikosoeni, ngozi yangu ngumu. Na wewe uliyewahi kudanganywa na jaribio lako mwenyewe, kaa hapa chini utusimulie. Mjomba kajifunza kutumia simu, naye anasoma.